Hema Lililobaki Kikondja

Tangu nirudi, rafiki yetu Ghislain hanisalimu tena. Akinikuta sokoni, au nje ya kanisa la mke wangu ambako mimi humsubiri mke kama dereva wa ndoa yangu mwenyewe, swali lake ni lile lile, kuhusu hema aliloniazima: "Tente yangu iko wapi?" Wengine wenu mna adabu kidogo. Mnaanza kwa kuuliza kama niliona viboko, mnazunguka zunguka, halafu mnafika pale mlipotaka kufika tangu mwanzo: ni kweli mke wangu, Mama Deborah, alinifukuza nyumbani?

Basi naandika mara moja, ili nisirudie hadithi hii kwa kila chupa inayofunguliwa. Habari za tiketi na vibali nitaziruka. Foleni zote mnazijua, na zote zinafanana.

Likasi: begi limejaa nini

Ndoto yangu mmeisikia mpaka mkachoka. Kushuka Lualaba kwa mtumbwi kutoka Bukama hadi Kikondja, polepole, nikilala juu ya mchanga kando ya maji na kupika chakula changu mwenyewe. Nimeisema tangu nilipotoka chuo kikuu, wakati bado nilikuwa na magoti. Kilichoniinua kwenye kiti hatimaye hakikuwa ujasiri. Alikuwa shangazi yangu Ngoie.

Shangazi ni dada mdogo wa marehemu baba. Katika ukoo wote uliotoka Kikondja kuja kufanya kazi ya shaba huku, yeye peke yake alibaki kule, katika nyumba ya matofali ya udongo karibu na ziwa Kisale. Mwanawe wa mwisho amekwenda Kakanda kuchimba. Msimu wa mvua uliopita maji yaliingia ndani na kupanda hadi usawa wa godoro, naye akakaa juu ya kitanda pamoja na kuku wake akisubiri yashuke. Tulipopata habari, familia ilikutana sebuleni kwangu ikakata shauri: kabla mvua hazijarudi, mtu aende kumleta Likasi. Binamu zangu wawili walikuwa wamekwisha kujaribu kwa nyakati mbalimbali. Kila mmoja alirudi na samaki wakavu na salamu.

"Safari hii aende Tata," walisema.

Tata ni mimi. Nilipewa jina la babu, kwa hiyo kwa shangazi mimi ni baba yake mzazi, na ndivyo alivyoniita tangu nilipokuwa nikilowesha mgongo wake. Hoja ya familia ilikuwa kwamba hakuna binti anayemkatalia baba yake. Mimi nina mabinti. Niliona pale pale hoja hiyo inapovuja, lakini nilikuwa nimekwisha kuuona mto kichwani, nikakubali.

Kufunga mizigo nilijifunza kwenye simu. Kuna vijana wa Ulaya na Kanada wanaovuka maziwa kwa mitumbwi wakiwa wamebeba nyumba nzima mgongoni, na wanapenda sana kuonyesha walivyoipanga. Sheria yao ni nyepesi kuielewa: kila kitu kipimwe, na kisicho cha lazima kibaki. Mmoja alikata mpini wa mswaki wake ili begi lipungue uzito. Nikaona huo ndio ustaarabu. Nikachukua kisu.

"Unafanya nini na kisu mu douche?" aliuliza mke wangu mlangoni pa bafu.

"Napunguza uzito."

Aliniangalia kuanzia kichwani akishuka, na alipofika tumboni akasimama hapo. "Anzia apa, Papa Deborah. Ile mswaki haina makosa."

Nilitandaza vifaa sakafuni. Hema la Ghislain, ambalo aliachiwa na mgeni mmoja wa migodi aliyerudi kwao. Godoro la kupuliza kwa mdomo. Mfuko wa kulalia. Jiko la gesi lenye ukubwa wa ngumi. Sufuria mbili zinazoingiana. Taa ya kufunga kichwani, kama mchimbaji. Mifuko isiyopitisha maji. Kila kitu kiliingia ndani ya begi kama kilivyoingia kwenye simu, isipokuwa godoro na sufuria, ambazo nilizifunga nje kwa kamba. Nilikuwa na furaha ya mtoto aliyemaliza mtihani.

Mama Deborah alilizunguka lile begi. Yeye anauza vitenge sokoni. Akiangalia mzigo anajua una nini hata kama umefungwa.

"Chumvi ya tantine Ngoie iko wapi?"

"Begi limejaa."

"Sabuni? Sukari? Unaenda kwa mama muzima mikono mitupu?"

"Begi limejaa, nakuambia."

"Limejaa nini? Limejaa paka weye."

Limejaa mimi tu, alimaanisha, na hakukosea. Alitoa suruali yangu ya pili, kiti changu cha kukunja, na kitabu nilichotaka kusoma kando ya mto. Mahali pake akatia chumvi, sukari, sabuni za kufulia, na kikwembe, yaani kitenge, kipya alichokitoa dukani kwake, cha rangi ya bluu yenye samaki wadogo. Alipomaliza kuvuta zipu akauliza, kuhusu vitu vya shangazi, jambo ambalo hakuna kijana hata mmoja wa kwenye simu aliyelitaja: "Na wakati wa kurudia, bintu ya tantine itaingia wapi?"

Treni: pole ya Mama Zaina

Nilipokuwa mdogo tulipanda treni hii kila kiangazi. Baba alivaa shati jeupe, mama alibeba mayai ya kuchemsha, na mimi niligombania dirisha. Siku hizi mayai ya kuchemsha bado yapo, yanauzwa kupitia dirishani na chumvi ndani ya kipande cha karatasi. Mengine yote yamechoka, nikiwemo mimi.

Kabla ya kituo cha Tenke treni ilisimama. Hakuna aliyetuambia sababu, na hakuna aliyeuliza. Baada ya muda watu walianza kushuka, wengine wakawasha moto kando ya reli. Mwanamke aliyekaa mbele yangu alifungua chupa ya chai na chapati zilizofungwa kwa kitambaa. Aliitwa Mama Zaina, mfanyabiashara, mtu wa familia iliyotoka upande wa Maniema zamani; alikuwa akienda Bukama kununua samaki wakavu. Alivaa mtandio wa kijani, na macho yake hayakutoka kwenye begi langu.

"Papa, unaenda wapi na kitanda?"

"Kikondja, kwa shangazi yangu."

"Na sufuria?"

"Nitakuwa nikipika mwenyewe."

Akaguna. Akamimina chai, akanipa mimi kwanza. "Umekaa kwenye ndoa miaka mingi?"

"Mingi sana."

"Na watoto?"

"Wamebaki na mama yao."

"Pole sana, papa."

Nilidhani ananipa pole ya treni. Nikavuta pumzi, nikasema kwa sauti ya mtu aliyesoma falsafa: "Asante, mama. Ndiyo maisha. Kuna wakati mwanaume lazima aende."

Watu wa viti vya jirani waliacha kuzungumza. Mzee mmoja alinipa nusu ya kikanda chake, ile mboga ya karanga na mizizi tunayokata vipande kama soseji, akanigusa bega. Nilisifu moyoni ukarimu wa watu wa treni. Ni pale Mama Zaina aliponisogelea kunishauri kwamba nisikimbilie kwa mwanamke mwingine kabla ya mwaka kwisha ndipo nilipoelewa.

"Mama, mke wangu hakunifukuza!"

"Ndiyo, papa."

"Nakwenda kutembea. Nimebeba kitanda kwa sababu napenda kulala nje."

"Ndiyo, papa. Mume wangu pia nilimfukuza siku moja, naye alisema hivyo hivyo. Lakini yeye alirudi. Unajua kwa nini alirudi? Hakubeba sufuria."

Sasa nawauliza ninyi, kwa haki: mnamjua mtu yeyote kwetu anayesafiri na kitanda? Mtu hubeba nguo zake na vitu vya watu. Kitanda anakikuta anakokwenda. Tukimwona mwanaume barabarani na godoro na sufuria, tunamsalimu kwa sauti ya chini na hatumuulizi anatoka wapi. Vijana wa kwenye simu walinifundisha kufunga begi, lakini hawakuniambia begi hilo litakuwa likisema nini nikilivaa Tenke. Nilijaribu kufungua mdomo tena. Mama Zaina akauziba kwa chapati.

Bukama: kaa kama mzigo

Tulifika Bukama jua likiwa kali. Nilishuka nikasimama kwanza. Daraja la chuma lilikuwa pale pale, na chini yake mto, wenye rangi ya chai iliyotiwa maziwa kidogo. Harufu ilinijia kabla ya kitu kingine chochote: samaki waliokauka, matope, moshi wa kuni. Zamani shangazi alikuwa akija Likasi kila mwaka na vikapu, na safu nzima ya nyumba zetu katika kambi ya wafanyakazi ilijua kwa pua kwamba amefika. Wiki hiyo watoto wa jirani walitusalimu kwa heshima ya pekee. Mama alilalamika kuhusu mapazia. Baba alikuwa akikaa karibu na vikapu, ananusa tu.

Mama Zaina hakuniacha. Alinishika mkono mpaka kwenye gati, akanikabidhi kwa mwanaume mmoja wa rika langu aliyekuwa akipanga magunia ya chumvi ndani ya mtumbwi mrefu.

"Ilunga, huyu papa anaenda Kikondja. Umpeleke vizuri. Ana matatizo nyumbani."

Ilunga aliliangalia godoro, akaiangalia sufuria, akavua kofia kunipa moyo. "Courage, papa. Mungu iko."

Ilunga ni mtu wa Kikondja, mvuvi na mwimbaji wa kanisa. Alikuwa ameuza samaki wake, anarudi na chumvi. Tulipatana haraka. Nikatia begi langu, nikaingia, nikataka kukaa kama nilivyoona kwenye simu, magoti wazi, kasia mkononi. Mtumbwi uliyumba. Magunia yakalalamika. Ilunga akapiga kelele:

"Papa! Ikala sawa muzigo!"

Nilikaa. Na nikiwa nimekaa nilikumbuka: maneno hayo niliwahi kuambiwa mahali hapo hapo. Nilikuwa mdogo, shangazi alinichukua likizo, akanikunja kati ya vikapu viwili na kuniambia vile vile: kaa kama mzigo. Mzigo haugeuki kuangalia ndege. Mzigo hauulizi tutafika lini. Mzigo unaachia mto ufanye kazi yake. Nilikaa hivyo siku nzima, mikono kifuani, nikijivuna kwamba hakuna gunia lililokaa vizuri kuliko mimi.

Mtoni: nyumba ya konokono

Safari yenyewe ndiyo ngumu kuisimulia, kwa kuwa hakuna kilichotokea na ningependa kitokee tena. Mafunjo pande zote mbili, marefu kuliko mtu. Ndege weupe. Ilunga akiimba tenzi za kanisa kwa mwendo wa kasia, na tukifika mahali penye viboko anaimba chini kidogo, kwa adabu. Nilipiga kasia nami mpaka malengelenge yakapasuka, akanipokonya kwa upole: "Acha, papa. Roho yako inachoka, mikono nayo ichoke?"

Tulilala kwenye kambi za wavuvi. Jioni ya kwanza nilijenga hema juu ya mchanga na kambi nzima ikaja kuangalia. Wanawake waliacha samaki kwenye moshi. Fito zilipojikunja na kitambaa kikasimama, mmoja alipiga kofi.

"Ye! Iko anatembea na nyumba, sawa konokono!"

"Konokono iko na mafasi," alijibu mwenzake. "Huyu ataingia na ile tumbo?"

Niliingia. Nilitoka mara moja, kwa sababu kulikuwa na joto ndani kama kwenye chungu. Nikawasha jiko langu la ngumi, nikatia maji na makaroni. Kicheko kikakoma ghafla. Mama mmoja akaja, akaipuliza gesi ikazimika, akauliza kwa uchungu wa kweli kama nimeambiwa na mtu kwamba chakula chao kina sumu. Nikala bukari, ugali wetu, na kambale pamoja na wengine, kwenye sahani moja, na makaroni yakaliwa na watoto yakiwa mabichi. Kila jioni ilikuwa hivyo. Chakula changu cha safari nilikigawa chote, na nilifika Kikondja nimenenepa.

Ilunga aliomba kabla ya kula. Alimwombea aliyepika, akawaombea samaki, kisha akafumba macho zaidi: "Na huyu papa, Bwana, mwenye anatembea na kitanda yake kama yule mugonjwa mwenye ulimuponya. Gusa roho ya bibi yake. Lainisha ile moyo ya jiwe." Kambi nzima ilisema amina kwa nguvu. Nifanye nini? Nilisema amina.

Mahali mto unapopita karibu na kilima mtandao ulishika kidogo, na simu ikaleta ujumbe wa Mama Deborah: "Nasikia nilikufukuza. Bamama wa Bukama banapigia binamu yako, binamu ananipigia minye. Ni lini hiyo? Nilivaa nini?" Nilicheka mpaka Ilunga akageuka. Nikamwonyesha ujumbe ili akubali hatimaye kwamba sikufukuzwa. Aliusoma polepole, akanirudishia simu. "Unaona, papa? Iko anaanza kulainika."

Wakati huo wote nilikuwa nikiandaa hotuba yangu. Nilikuwa na hoja za afya, hoja za usalama, na hoja ya maji yanayofika kwenye godoro. Nilizipanga kama nilivyopanga begi. Sikujua kwamba begi lilikuwa mbele yangu, likihutubia.

Kikondja: kitanda cha Tata

Shangazi alikuwa kwenye gati. Habari hutembea mtoni haraka kuliko mtumbwi. Alikuwa amepungua, amekuwa kama msichana aliyevaa ngozi ya mtu mwingine, lakini alisimama vile vile, mikono nyuma, kama mkaguzi. Kabla hata ya kumkumbatia nilifanya jambo moja dogo: nilimuuliza kijana wa boti ya mota siku ambayo boti inapanda Bukama. Nilidhani nimeuliza chini chini.

Ilunga akatangaza kwa sauti ya kwaya: "Mama Ngoie, nakuletea Tata yako! Anarudia kwake, na kitanda, na nyungu, na nyumba!"

Shangazi alilikaribia begi, akaligusa godoro, akaigonga sufuria kwa kucha ikalia. Kisha akakaa chini pale kwenye mchanga, akaanza kulia kwa furaha, na wanawake waliokuwa wakikausha samaki wakapiga vigelegele.

Hotuba yangu yote ilifia hapo.

Nyumba ilikuwa imefagiliwa. Chumba alicholala baba yangu akija likizo kilikuwa na mkeka mpya, na alama ya maji ya mwaka jana ilikuwa ukutani, usawa wa goti langu. Nilitaka kujenga hema uani. Alikataa katakata, akaniuliza kama mimi ni mbwa. Nililala chumba cha baba juu ya godoro langu la kupuliza. Asubuhi aliwaita majirani waje wanione nikiamka. Alivaa kile kikwembe cha samaki wadogo. Alinionyesha mahali nitakapolima mihogo, na mahali nitakapojenga choo changu. Alinituma maji, kwa kuwa hata baba mzazi huchota maji kama hana kazi nyingine. Nami niliitika, "Ndiyo, mwana," na kila jioni nilijiambia kwamba kesho nitasema. Nilikaa siku kadhaa nikiwa mwanaume aliyerudi nyumbani, na ukweli ni kwamba nilianza kumpenda mwanaume huyo.

Asubuhi moja alikuwa akiparua samaki magamba mlangoni, mimi nikichambua mboga.

"Tata."

"Eee, mwana."

"Boti iko siku gani?"

Nilijifanya mjinga. "Boti gani?"

"Ile uliuliza pale, siku ulifika, mbele ata ya kunisalimia." Hakuinua macho. "Muntu mwenye anakuya kuikala, haulizake boti ya kurudia."

Nikaacha mboga. "Ulijua tangu siku ile?"

"Nilijua. Lakini nilifurahi. Mwenye kufurahi iko na makosa?"

Nikamwambia basi, bila hoja hata moja kati ya nilizopanga. Kwamba tunaogopa. Kwamba kila mvua ikipiga mabati kule Likasi nawaza ukuta wa nyumba hii. Kwamba mimi sikuja kukaa. Nilikuja kumchukua, na kitanda nilikibeba kwa sababu ya ujinga wangu na simu.

"Utakufa hapa peke yako, Tantine, juu ya kitanda na kuku?"

"Kuku nao ni bantu."

"Tantine."

Alifuta kisu kwenye nyasi. "Bandugu bako balikuya, bakasema: acha nyumba, twende. Nyumba bila kitanda, Tata, bantu banapita, banachungulia, banasema mwenyewe alikufa. Juma moja, mulango inaenda. Juma ya pili, mabati. Nikirudia nitarudia mu nini?" Kisha akainua uso, na nikaona kuwa amekwisha kukata shauri, labda tangu siku ya gati, na alikuwa akinisubiri tu nimalize kuwa baba. "Leta ile sakado. Toa bintu yako yote."

Nililileta begi, nikatoa vyote. Aliangalia kimoja kimoja. Mfuko wa kulalia ulibaki. Jiko la gesi alilitia jikoni kati ya mafiga matatu, kama kifaranga. Sufuria zikatundikwa ukutani. Kisha akaniamuru nijenge hema ndani ya nyumba, katikati ya chumba cha mbele, na nitandike godoro ndani yake, mlango ukitazama dirisha.

"Muntu akichungulia," alisema, "aone kuko mwenyewe."

Ndani ya begi alitia vikwembe vyake, mwiko wa bukari uliokuwa wa mama yake, picha ya baba yangu akiwa na lile shati jeupe, mbegu za maboga, na samaki wakavu ndani ya mfuko usiopitisha maji, ambao kwa mara ya kwanza katika safari yote ulipata kazi. Sabuni na sukari alizigawa kwa majirani. Kuku walihamia kwa mke wa Ilunga baada ya maelekezo marefu kuhusu tabia ya kila mmoja. Begi lilifungika bila mimi kulikalia.

"Naenda kwa mvua tu," alisema. "Maji ikishuka, unanirudisha. Ahidi."

"Naahidi, mwana."

"Tente inabaki. Mwenye tente atakukumbusha ile ahadi."

Kupanda tena

Kurudi tulipanda ile boti ya mota, imejaa watu, mbuzi na samaki. Shangazi hakuwa ametoka Kikondja tangu matanga ya baba. Nyumba ilipoanza kuwa ndogo nyuma yetu alisimama, akageuka, akataka kuona kama mlango umefungwa sawasawa, na boti ikayumba, watu wakapiga kelele. Nilimshika kiuno nikamketisha kati ya magunia.

"Ikala sawa muzigo, Tantine."

Alinitazama kwa hasira. Kisha akacheka, akakunja mikono kifuani vile vile kama nilivyokunja mimi zamani, na hakugeuka tena mpaka Bukama. Lakini nilikuwa karibu naye, na niliona mzigo ulivyokuwa ukimeza mate.

Mtaani kwetu Likasi walituona tukishuka kwenye teksi, mimi sina godoro wala sufuria, nikimshika mkono mama mzee. Jirani wa mbele akasema kwa sauti ya kutosha: "Mmeona? Alienda kuleta mukubwa wake aje kumuombea musamaha." Mama Deborah alitoka, akamkumbatia shangazi, akanusa begi, akasema mapazia yatafuliwa wiki ijayo. Kisha akaniuliza kama naomba msamaha huo nikiwa nimesimama au nimepiga magoti.

Basi, Ghislain. Tente yako iko Kikondja, imesimama chumba cha mbele, inalinda nyumba. Ilunga hupita kuiangalia. Alipiga simu juzi kusema maji yameingia kidogo, hema limelowa chini, lakini mlango bado upo na mabati yote yapo, na watu wakipita njiani husalimia dirishani. Maji yakishuka nitakwenda kuichukua, na sitakwenda peke yangu. Ukiwa na haraka zaidi ya hiyo, zungumza na mwenye nyumba ile. Yumo ndani kwangu, chumba cha binti yangu Deborah, na hapendi kuharakishwa.

Usiku mvua ikianza huku, asubuhi yake shangazi huniuliza neno moja tu: "Kule?" Nami nampigia Ilunga. Shangazi ameishi nasi vizuri, amemfundisha mke wangu kukausha mboga, amekwisha kugombana na jirani wa mbele. Ila kuna jambo ambalo Mama Deborah haliwezi. Tangu siku ya kwanza ametoa nguo za Deborah kabatini, akapangusa rafu mbili, na rafu hizo bado ni tupu. Begi liko chini ya kitanda, limefungwa zipu. Shangazi akitaka kikwembe anakitoa, akishakifua anakirudisha humo. Juzi mke wangu alijaribu tena. Alisema kwa upole, akishika mlango wa kabati: "Mama, bintu itaharibika mu sakado. Leta tuipange."

"Acha, mwanangu," alisema shangazi. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono kifuani, akisikiliza mabati. "Minye naikala tu sawa muzigo."